Nyeupe Isiyo na Pindo

Habari ililetwa bombani na mama Poltu, asubuhi, kabla hata ndoo ya kwanza haijajaa.

"Mmesikia? Kwenye kitanda chake cha kufumia Minoti ametanda nyuzi nyeupe tupu."

Wanawake waliokuwa kwenye foleni wakageuka. Jhuma alikuwa amechutama pembeni anafua vitambaa vya mtoto, na mtoto mwenyewe, Mithi, alikuwa kwenye mkeka anatafuna vidole. Alisikia lakini hakuinua kichwa. Kwa hesabu ya wanawake wale yeye bado alikuwa bi harusi wa juzi, na bi harusi wa juzi husikiliza kwanza.

"Nyeupe tupu vipi?" mmoja akauliza. "Atakuwa hajaweka nyuzi za pindo."

"Pindo linawekwa pamoja na mtande, zile nyuzi za urefu. Wewe mke wa mfumaji gani? Nimepita dirishani kwake nimeona kwa macho yangu haya. Kutoka ukingo huu mpaka ukingo ule, nyeupe. Hakuna wekundu hata wa kuchungulia."

"Labda ni mashuka."

"Minoti na mashuka wapi na wapi? Miaka yote ni sari nyeupe pindo jekundu, nyeupe pindo jekundu, mpaka kile kitanda chake cha kufumia ukikiacha peke yake kitaendelea." Wakacheka kidogo. Mama Poltu akashusha sauti. "Nguo isiyo na pindo ina mvaaji mmoja tu, mjane. Na yule ajuza mkwewe mle ndani anazo zake, za dukani, tele. Sasa hii ni ya nani?"

Mmoja aliyekuwa anakamua nguo akavuta ncha ya sari yake kichwani, pindo jekundu likamkaa juu ya paji la uso, na mwenzake naye akafanya vivyo hivyo, kama watu waliopitiwa na upepo wa baridi.

"Au amepata habari za Nityo mumewe?"

"Angelia, tungesikia."

"Pengine ndivyo anavyolia," akasema mama Poltu, akaegemea mpini wa bomba kwa uzito wake wote.

Jhuma akasuuza kitambaa ambacho kilikwisha kutakata.

Yeye alimwita Minoti mama mdogo, ingawa hawakuwa na undugu zaidi ya kichochoro cha kupitisha baiskeli moja kati ya nyumba zao. Urafiki wao aliuleta Mithi. Mtoto yule alizaliwa na kilio kisichosikia maziwa wala kubebwa, akawa ananyamaza kwa kitu kimoja tu, mlio wa kitanda cha kufumia cha Minoti. Basi Jhuma akazoea kumpeleka kila asubuhi, anamlaza juu ya sari kuukuu zilizokunjwa karibu na shimo anamokaa mfumaji, na ule ubao wa kushindilia uzi unampigia mtoto mpaka macho yanafumba.

"Mama mkwe wangu mdogo amefika," Minoti alikuwa akimtania mtoto bila kugeuza kichwa. "Leo tumemkosea nini?"

Maisha yake alimsimulia Jhuma vipande vipande, huku miguu ikikanyaga na mkono ukivuta kamba, kwa hiyo maneno mengine yalimezwa na mbao. Jhuma hakuuliza mara mbili. Alichokosa leo alikipata kesho, akakiunga mwenyewe.

Minoti hakuzaliwa kwenye ufumaji. Baba yake alilima juti ng'ambo ya mto. Alipoletwa huku Phulia kuolewa, siku ya kwanza tu alipewa kazi ambayo kila mwanamke wa huku anaijua tangu utoto, ya kukunjia uzi kwenye vijiti, akaufunganya wote mpaka ukawa kama kiota cha kunguru. Mama mkwe wake, Shoilobala, akasema mbele ya majirani, "Tuliomba mkwe, tumeletewa mbuzi." Nityo, bwana harusi, aliuchukua uzi ule. Alikaa kizingitini mchana kutwa anafumbua fundo moja moja, na kila akifumbua moja anamtazama mkewe na kucheka.

Ni yeye aliyemfundisha kufuma. Wakati ule mwanamke kuingia ndani ya shimo lilikuwa jambo la kusemwa. Wanawake walikunja uzi, walipika uji wa bisi za mpunga wa kuupa uzi ugumu, lakini shimoni walikaa wanaume. Watu wakasema Nityo amemvalisha mkewe suruali. Nityo akajibu kwamba suruali yenyewe imemkaa vizuri kuliko yeye. Alikuwa akikaa ukingoni, Minoti ndani, na alipoupiga ubao kwa nguvu za kuogopa, alimwambia, "Usiupige. Uite uje." Neno hilo Minoti alilirudia kwa Jhuma mara nyingi. Siku nyingine alilisema peke yake, kwa ubao.

Halafu nguo za mashine zikajaa sokoni, sari ya mkono ikakosa wa kuitazama, na wanaume wakaanza kuondoka. Nityo naye akapanda treni na wenzake kwenda Surat, kwenye viwanda vya hizo hizo mashine. Njiani, kwenye stesheni moja ambayo hata jina lake wenzake hawakukubaliana, alishuka kujaza chupa maji. Alishuka peku, kwa sababu bomba lilikuwa pale pale mbele ya dirisha. Foleni ilikuwa ndefu. Treni ikaondoka. Wenzake wakasema atadandia behewa la nyuma, kisha wakasema atakuja na ya kesho. Waliporudi nyumbani kwa sikukuu ya mwaka ule walikuja na begi lake na jozi ya ndala.

Alitafutwa. Mdogo wake, Gopal, alikwenda stesheni zote za njia ile na picha mkononi. Hakupatikana mtu aliyemwona akiwa hai, na hakupatikana aliyemwona amekufa. Hapo katikati ndipo Minoti alipoishi.

Hakuwa mjane, kwa hiyo hakuishi kama mjane. Kila asubuhi akitoka kuoga alijipaka mstari wake mwekundu wa mke utosini, na hakuharakisha. Siku moja bangili yake nyeupe ya kombe, nayo alama ya mke, ilipata ufa, akaacha sari katikati ya kazi akaenda kununua nyingine kabla jua halijazama. Na samaki. Mjane hali samaki, basi Minoti alikula samaki kila mchana, hata kama ni vile visamaki vya bwawani vya kutafuna na miiba yake. Kuna wakati alipatwa na homa mbaya. Jhuma, aliyekuwa bado hajazoea nyumba hiyo, alimkuta amekaa mbele ya sahani, anakula kipande, anatoka nje kutapika, anarudi, anaendelea na pale alipoishia.

"Mama mdogo, pumzika leo."

"Nikipumzika leo, watu watasema nimejua kitu."

Hivyo miaka ikaenda, na miaka ina mpaka wake. Mtu akipotea miaka kumi na miwili bila habari, ruhusa inapatikana kutengeneza mtu wa majani, kumchoma kando ya mto kama maiti, na kumfanyia yanayofanyiwa wafu. Siku hiyo mkewe anafutwa wekundu, anavunjwa bangili, anavishwa nyeupe. Hakuna anayelazimishwa. Lakini mwaka huu idadi ilitimia, na kila mtu mtaani aliijua, kama wanavyojua umri wa binti wa jirani.

Aliyesema kwanza alikuwa Shoilobala. Macho yake yalikwisha kufa zamani, akawa anatembea kwa kupapasa kuta. Asubuhi ile wanaume wanapoingia mtoni kuwapa maji wafu wao, wiki moja kabla ya sikukuu ya Mungu mama, alitaka apelekwe. Minoti alimshika mkono wa kulia, Jhuma wa kushoto, mtoto mgongoni. Gopal alikuwa ameshasimama majini mpaka kiunoni, viganja vimejaa, anamfuatisha kuhani majina: baba, babu, baba wa babu. Alipomaliza, ajuza akapaza sauti kutoka kwenye ngazi za mto.

"Gopal. Mtaje na kaka yako."

Kuhani, mzee mpole mwenye kikohozi, akapanda ngazi mbili kumkaribia. "Bibi, siwezi. Ambaye hajachomwa hapewi maji. Kwanza achomwe."

"Nichome nini, baba? Nina ndala zake tu."

"Majani yapo," kuhani akasema taratibu. "Miaka imetimia. Ni mkewe tu akubali."

Watu wengi walikuwa pale ngazini, na wote wakapata kitu cha kutazama mtoni. Jhuma akapeleka jicho upande wa pili. Minoti alikuwa anamfuta Shoilobala maji yaliyomrukia mguuni, kwa ncha ya sari yake mwenyewe.

Walipofika nyumbani ajuza akapewa bilauri ya maji. Akaishika bila kunywa.

"Minoti."

"Naam, mama."

"Sikugombezi."

"Najua."

"Mwanangu alishuka kutafuta maji. Kama yu hai, ameshakunywa, wala hanihitaji. Lakini kama alikufa siku ile, amekufa na kiu yake. Wenzake wote wananyweshwa, yeye amesimama anawatazama. Na mimi mama yake nimekaa hapa na bilauri."

Minoti hakujibu siku hiyo. Wala wiki ile. Sikukuu ikaja na ngoma zake, na siku ya mwisho, wake wote wa mtaa wakavaa nyeupe pindo jekundu wakaenda kuaga Mungu mama na kupakana wekundu mashavuni, kama kila mwaka. Minoti alikuwapo. Alipakwa mpaka masikioni. Jhuma naye akachovya kidole akampaka shavuni anacheka, na Minoti akaushika ule mkono hapo hapo shavuni, akaushika mpaka Jhuma akaacha kucheka.

Siku iliyofuata moshi wa uji wa bisi ukaonekana uani kwake. Na baadaye ndipo mama Poltu akapita dirishani.

Jhuma alianika vitambaa, akambeba Mithi, akavuka kichochoro.

"Mlaze pale," Minoti akasema kutoka shimoni. "Sio hapo, kuna siafu. Pale."

Jhuma akamlaza. Akasimama. Mtande ulikuwa mbele yake, umekazwa kutoka ukuta hadi ukuta, nyuzi nyeupe zimelala sawasawa kama nywele za mtu aliyechanwa na mama yake. Alitazama kingo zote mbili. Mahali ambapo kila siku paliwaka wekundu, macho yakateleza yakaangukia sakafuni.

"Bombani wanasemaje?"

"Hawasemi kitu, mama mdogo."

"Mama Poltu amekuwa bubu? Masikini. Itabidi tumpeleke hospitali."

Jhuma akacheka kidogo. Akajifanya anamfunika mtoto. "Kwa nini ujifumie mwenyewe?" akasema mwishoni. "Si zinauzwa?"

"Kaka yangu amepiga simu. Anasema atanunua, ndiyo desturi, nguo hiyo hutoka kwa ndugu wa mke. Nikamuuliza, utanunua ya wapi? Ananiambia ya mashine, dada, zinakauka upesi." Akavuta kamba, uzi ukapita. "Mashine ndiyo iliyomtoa Nityo ndani ya shimo hili. Nguo ya mashine siivai siku ile. Nyingine yoyote, sawa."

"Kwa hiyo umekubali kwamba amekufa."

Ilimtoka kabla hajaipima. Ubao ukasimama. Mithi akajinyoosha, akakunja uso, na Minoti akaupiga tena ubao kwa ajili yake kabla ya kujibu.

"Sijakubali hilo. Nimekubali apewe maji."

Hapo Shoilobala akatokea mlangoni, mkono ukutani. Alikuwa hajaambiwa. Minoti alikuwa anatafuta namna ya kumwambia, na kila siku alikuwa anaipeleka mbele. Ajuza akaja mpaka kwenye kitanda cha kufumia kama alivyozoea, maana katika nyumba hiyo kila sari aliipapasa kabla haijatoka. Vidole vikatembea juu ya nguo mpya, vikaenda kushoto kutafuta pindo, pale ambapo nyuzi huwa nene na kubanana. Havikulikuta. Vikarudi, vikaenda kulia polepole. Vikasimama pale.

Jhuma alitaka kuondoka lakini mtoto alikuwa ndio kwanza analala.

"Unajifumia," akasema ajuza.

"Ndiyo, mama."

Ajuza akabaki ameushika ule ukingo. Halafu akasema, kama anavyosema mtu wa kazi kwa mwenzake, "Kaza zaidi. Nyeupe ikilegea inaonyesha mwili." Akageuka, akarudi na ukuta wake. Chumbani wakamsikia anapenga kamasi kwa nguo.

Siku za kufuma Jhuma hakuziona zote, maana mama mkwe wake, Bina, alimkataza.

"Kaa nyumbani mpaka yapite," Bina alisema. Alikuwa anakaanga biringanya na hakumtazama. "Sina ugomvi na Minoti. Ningempa hata figo yangu. Lakini mumeo yuko Kerala anaparamia majengo ya watu, ghorofa sijui ya ngapi, amesimama juu ya mianzi. Na wewe unakwenda kukaa kando ya nguo ile, na mtoto wake pia. Haijawahi kuniingia akilini."

"Mama, ni nguo tu. Haijamaliza hata kufumwa."

"Basi isubiri imalizike, halafu ndiyo utanifundisha."

Jhuma hakubishana. Na ukweli ni kwamba na yeye aliogopa. Alimwogopa mama mdogo wake kidogo, na aliona aibu kwa hilo. Jumapili mumewe Shombhu alipopiga simu, alimpa kwanza Mithi amsikie akibwabwaja, kisha akajitenga nyuma ya nyumba.

"Umekula?"

"Nimekula. Wali wa huku punje zake kama maharage."

"Mkija likizo, ukipanda treni usishuke stesheni yoyote."

Shombhu akacheka. "Nikibanwa na kiu?"

"Ukae nayo."

"Jhuma, una nini?"

"Sina kitu. Ukae nayo tu, utakunywa nyumbani."

Siku zile ukuta ndio uliomletea habari. Asubuhi ubao ulianza mapema, ukaenda kwa mwendo wake, ukapumzika saa ya chakula, ukaendelea. Mithi alilala kwa kuusikia kutoka mbali, lakini usingizi wa kushtuka. Jhuma alijifunza kujua kitu ambacho hapo awali hakukijua, kwamba sari ya pindo ina mlio unaokatika katika, mfumaji anasimama kukagua wekundu wake, na hii nyeupe haikuwa na kisimamisho. Ilikwenda tu. Alitamani isimame hata mara moja. Gopal alipita na fungu la majani marefu kichwani, yamefungwa kwa kamba, akayaweka kwenye paa la kibanda yakauke. Watoto waliambiwa wasiyaguse. Mama Poltu aliacha kusema bombani, na siku moja Jhuma alimwona anavuka kichochoro na samaki mzuri kwenye jani la mgomba, kipande cha tumboni kabisa, akakiacha mlangoni kwa Minoti bila kupiga hodi. Alipogeuka na kumwona Jhuma, akasema, "Alikuwa ananizidi. Angeoza," na akaenda zake haraka.

Siku moja kabla ya ile iliyochaguliwa na kuhani kwa kumchoma mtu wa majani, adhuhuri, ubao ukanyamaza. Jhuma akangoja. Ulikuwa wakati wa chakula. Wakati wa chakula ukapita na ubao haukuanza tena. Mithi akaamka, akalia. Jhuma akambeba akatembea naye huku na huko uani, na kila alipofika karibu na kichochoro miguu ilitaka kuendelea.

Bina alikuwa anapeta mchele. Alimwona anafungua mlango na mtoto begani. Akainamisha uso kwenye ungo, akapeta kwa nguvu zaidi, makapi yakaruka.

Minoti alikuwa ndani ya shimo, mikono mapajani. Hakusema habari ya mama mkwe mdogo. Chakula chake kilikuwa pembeni kimefunikwa, na kile kipande cha samaki ameshakila. Miiba ilikuwa imepangwa ukingoni mwa sahani.

"Ajuza amelala?" Jhuma akauliza.

"Amelala. Karibu utazame upumbavu wangu."

Jhuma akasogea. Nguo ilikuwa karibu kuisha, imebakia shubiri chache za mtande. Nyeupe, imekazwa kama Shoilobala alivyotaka, safi, hakuna uzi uliokosea. Na hapo mwisho, palipo karibu na mikono ya Minoti, palikuwa na mstari mwekundu unaokata nguo kutoka ukingo huu mpaka ule. Upana wa kidole.

"Mkono umekwenda wenyewe," Minoti akasema. "Nimefika kwenye ncha. Kila sari niliyofuma maisha yangu, nikifika hapa, mwekundu unaingia. Kapu la nyuzi nyekundu za sikukuu nilikuwa sijaliondoa, liko hapo kando. Nilikuwa nawaza kama mchele utawatosha watu wa kesho. Nikaweka chini uzi mweupe, nikaokota mwekundu, nikavuta kamba. Nikaendelea. Hata nikauona mzuri."

Alicheka kwa pumzi. Jhuma hakuweza.

"Ukate kabla ya hapo."

"Haitafika begani. Nilitanda ya kutosha tu, sikuongeza. Nani anaongeza nguo kama hii?"

"Basi iache hivyo hivyo. Nani ataona? Ni ncha tu."

"Wote wataona. Kuhani ataikataa na ana haki, nguo yenye wekundu si ya kazi ile. Ataahirisha. Na mama ataishika bilauri yake mpaka mwakani." Akapitisha kidole juu ya ule mstari, akakiondoa. "Nimejaribu kufumua. Unakanyaga, unafungua nyuzi, unavuta mmoja mmoja kwa kurudi nyuma. Kazi ya mtoto. Wa kwanza umetoka. Wa pili nimeushika na mkono umekataa. Nimeuambia, umekataa. Tangu adhuhuri tunatazamana."

Mithi aliuona ule wekundu akaunyooshea mkono kutoka begani kwa mama yake, na Jhuma akamvuta nyuma kwa haraka mno, kisha akaona kwamba Minoti ameliona hilo.

"Ningemwita Gopal," Minoti akasema kwa sauti ile ile, "lakini ni mwanamume, atachukua mkasi. Mama hana macho. Wale wajane wa mtaa watakuja kesho asubuhi kunivunja bangili, wangeweza na hii pia, ila sitaki waione. Watakwenda kusema moyo wangu haukuridhia. Watamwambia mama. Halafu kila akimpa mwanawe maji atafikiri yamekataliwa."

Nje, muuza vyungu alipita akinadi, sauti yake ikaingia dirishani ikatoka. Jhuma alifikiria mianzi ya Kerala. Alifikiria vidole vyake mwenyewe, na bangili zake nyeupe mkononi, vikivuta uzi mwekundu kutoka nguo ya mwanamke mwingine, mmoja, na mwingine, mpaka uishe, na mahali ulipokuwa pabaki wazi.

Minoti akajiinua, akatoa miguu shimoni, akakaa ukingoni. Mstari wake wa utosini ulikuwa mpya, ameupaka leo mnene kuliko siku zote.

"Najua mumeo yuko mbali, mwanangu," akasema. "Najua ninachokuomba, na ukikataa nitakupenda vile vile." Akanyoosha mikono yote miwili. "Nipe Mithi nimpakate, ningali mke wa mtu mpaka kesho. Na wewe uingie humu unifumulie huu wekundu."